Kamani ya Saa ya Mama Feza

Nakumbuka Ijumaa moja ya wakati wa vita, mwanangu, nilipoiua saa ya baba yangu kwa mkono wangu mwenyewe. Ilikuwa saa ya ukuta ya mbao nyeusi, ya zamani sana, babu yake baba aliipata kwa watu wa pwani. Kila Ijumaa ilitiwa ufunguo kabla hatujaenda msikitini. Siku hiyo nilikuwa na haraka na hofu, nikazungusha, nikazungusha, mpaka ndani pakalia *taa!* Kamani, ule utepe wa chuma unaoisukuma saa, ilikuwa imekatika.

Utasema, saa tu. Lakini baba alikuwa haoni tena wala hatoki kitandani. Kwa milio ya saa ile alijua mchana umefika wapi, na kwamba mimi nimechelewa kurudi. Iliponyamaza akawa anauliza saa ngapi, kitambo kidogo anauliza tena, kama mtu aliyepotea ndani ya nyumba yake. Nilishindwa hata kumtazama.

Nikatafuta kamani. Treni haikufika tena kwetu Kindu, mashua nazo zilikoma. Nilizunguka soko lote la Kasuku, nikawauliza mafundi wa reli waliobaki, nikamwagiza mtu aliyesukuma baiskeli mpaka Lubutu kufuata chumvi. Alirudi bila kamani, akanionea huruma, akanipa kiganja cha chumvi bure. Mungu amlipe popote alipo, maana siku zile chumvi haikuwa kitu cha kupewa.

Sasa sikiliza aibu yangu. Jirani yetu Mama Feza, mjane, alikuwa amekimbilia Kailo kwa ndugu zake. Marehemu mumewe aliipenda saa yetu hata akatafuta mpaka akapata ya namna ileile. Alipoondoka aliniachia ufunguo wa nyumba, akaomba jambo moja tu: kila Ijumaa niingie niitie ufunguo saa ya mumewe, isinyamaze. Ufunguo wa nyumba niliutundika msumarini, karibu na kitanda cha baba.

Unajua nilichofanya. Niling'oa kamani ya saa ya Mama Feza, nikaitia katika ya kwetu. Nilijiambia naazima tu, tena kwa ajili ya mgonjwa. Saa ikalia, baba akacheka kwa furaha kama harusini, nami nikamwambia nimeipata sokoni.

Ijumaa iliyofuata nikatia ufunguo saa yetu, nikaketi kando ya baba. Akasikiliza kidogo.

"Leo hauendi kwa Mama Feza?"

"Nitaenda, baba."

"Kila Ijumaa nasikia ufunguo ukitoka mu musumari. Leo haukutoka. Mutoto yangu, ile kamani njo ya nani?"

Mtu asiyeona alikuwa ameniona mpaka ndani.

"Rudisha kitu ya watu," akasema. "Miye nitasali na azana. Na Mama Feza akirudi, utamwambia weye mwenyewe, kwa kinywa yako."

Nikarudisha. Baba akaanza tena kuuliza saa ngapi, lakini hakulalamika hata mara moja, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Mama Feza alirudi njia zilipotulia. Nilimweleza yote mlangoni, kabla hajatua mzigo. Alinitazama mpaka nikatamani anitukane.

"Kailo iko mbali?" akasema. "Wenye kuuza majani ya sombe walikuwa wanakuja kila siku. Ungenitumia neno moja tu, ningekupatia saa yote."

Kisha akaingia ndani. Alitoka amekumbatia saa ya mumewe, akavuka uwanja, akaitundika kwetu juu ya kitanda cha baba.

"Muzee, hii iko yako mpaka utapona."

Baba hakupona. Lakini siku zake zote za mwisho alijua saa ngapi. Tulipomzika nilitaka kuirudisha saa, Mama Feza akakataa mpaka arobaini ipite. Na miaka baadaye, vita ilipokwisha, alikwenda Lubutu kusalimia watu, akarudi na kitu kimefungwa katika kitambaa. Ilikuwa kamani, ameitoa katika saa mbovu aliyopewa na wenyewe. Nililia mbele yake, mtu mzima mimi, wala sikuona haya. Ndiyo hiyo inayoisukuma saa yetu mpaka leo.

Basi nasaha yangu, mwanangu, ni hii. Kitu cha amana usikiguse hata kama haja yako ni njema, maana haja njema ndiyo inayotudanganya upesi. Omba. Wenye vitu wana moyo kuliko tunavyowadhania, na unapochukua bila kuomba unawanyima nafasi ya kukupa. Na ukikosea, sema mapema, mlangoni, kabla mwenye kitu hajatua mzigo wake.

Mwaka jana Mama Feza alimfuata binti yake Kisangani, maana miguu imemchoka. Siku ya kuondoka alikuja kwangu kuaga, akanyoosha mkono, akatundika ufunguo wa nyumba yake katika msumari uleule. Leo Ijumaa ndiyo natoka huko kuitia ufunguo saa ya mumewe.

Mungu akupe majirani wa namna hiyo, mwanangu, na akujalie watu wasiogope kukuachia funguo zao. Amina.