Verlie Combs na Jina la Mfuko wa Unga

Verlie Combs alizaliwa bondeni, milima ya Kentucky, na gitaa alifundishwa na mjomba aliyekuja kufa mgodini. Mwaka 1938 nilimchukua aimbe redioni saa sita mchana, kipindi cha kinu chetu cha unga. Jina la kuimbia hakuja nalo. Binamu Dovie, msichana wa kubuni, alikuwa ameshachorwa kwenye mifuko yetu kabla Verlie hajakanyaga mjini. Jina letu, gauni letu. Yeye sauti tu. Alitia sahihi mkataba bila kuuliza. Mimi ningeuliza.

Aliimba miaka tisa. Wanawake wa milimani walishona nguo kwa mifuko yetu ya kitambaa yenye sura ya Dovie, wakamwandikia kwamba wanamwombea. Aliyekataa kusadiki ni baba yake. Mzee Combs hakukosa kipindi, ila akiambiwa huyo ni bintiye, alitema tumbaku.

"Verlie wangu anapika hotelini. Akiimba, mbwa wanahama."

Kisha vumbi la makaa ya mgodini likamjaa mzee mapafuni. Verlie akaja ofisini kwangu.

"Bwana Tackett, niache nitaje jina langu mara moja tu. Baba hafiki Krismasi."

"Atakufa na faida gani?"

"Atajua ni mimi."

"Binti, watu wananunua unga wa Dovie. Wa Verlie nani anaujua?"

Jumamosi ile alimaliza wimbo, nyuzi zikanyamaza, akainamia maikrofoni: "Baba, ni mimi, Verlie."

Nilimfukuza kabla hajafunika gitaa. Jumatatu akaimba Dovie mwingine, msichana niliyemtoa kiwanda cha soksi. Barua hazikupungua.

Wiki hiyohiyo nilipanda bondeni kulifuata gauni letu. Verlie alinipokea mlangoni, mikono ina unga. Wetu.

"Hakusikia," alisema.

Redio za huko ni za betri, na betri ni safari ya siku nzima. Wimbo ukiisha tu, mkono uko kwenye swichi. Verlie alikulia humohumo. Umeme wa mjini ulimsahaulisha.

"Ungesema kabla ya wimbo."

"Najua, Bwana Tackett."

"Hujamwambia mwenyewe?"

"Anasema nimefukuzwa hotelini, natafuta pa kujificha."

Saa sita mzee akafungua redio, amelala ubavu. Msichana wa soksi akaanza.

"Sikiliza, Baba," Verlie akasema. "Huyo si yule. Yule ni mimi, niko hapa."

Mzee aliinua kidole anyamaze. Alisikiliza mpaka mwisho, akazima.

"Dovie alikuwa na mafua," alisema. "Sasa amepona. Sauti imenyooka."

Verlie akanigeukia. Hakulia. "Mwambie. Wewe mwenye kipindi atakuamini."

Mzee naye akanitazama. Neno langu moja lingetosha, na nililijua. Lakini alikuwa ananunua mifuko miwili kila mwezi, na bonde zima lilikuwa linanunua anachonunua yeye.

"Dovie anakusalimu, mzee," nikasema.

Akatabasamu mpaka kikohozi kikamshika. Verlie akaenda kuleta gauni. Alikuwa amelifua na kulipiga pasi.