Maharagi ndani ya mashini ya baba

Juzi, hapa Butembo, mama alinipa nitengeneze mashini ndogo ya kuhesabu ya baba, ile ya Japani. Nilipoifungua, harufu ya betri kuukuu ilinirudisha utotoni, kijijini Musienene.

Baba alikuwa mwalimu. Alasiri moja alikuwa akijumlisha pointi za wanafunzi, mashini ikazimika. Aliifungua, akaona unga mweupe umevuja kutoka kwenye betri, akatoka kutafuta ndimu.

Nilibaki nayo mezani. Ndani mlikuwa na punje ndogo zenye mistari ya rangi, maharagi kabisa! Sisi wa mwaka wa kwanza tulihesabu kwa maharagi, na aliyepoteza yake alishindwa hesabu. Basi nilikimbia jikoni, nikachagua matano yenye mistari, nikayasokomeza humo mpaka vidole vikauma. Mashini ya baba haingeshindwa, mimi nikiwepo.

Baba alirudi, akainama kutazama. “Nani alitia maharagi humu?”

“Njo mimi, papa. Yake ilikuwa kidogo, haiwezi fika mia.”

Hakucheka. Alisugua vyuma vya betri kwa ndimu, akanipa mgongo kwa muda mrefu, akaifunga. Alipobonyeza, namba zikatokea. Nilitembea kijiji kizima nikijisifu.

Sasa ninatengeneza simu. Ninajua zile punje hupunguza umeme tu, na kwamba ndimu ndiyo iliyofanya kazi. Lakini juzi, chini ya kifuniko, nilikuta haragi moja limekauka pembeni, mahali lisipozuia kitu, limebandikwa vizuri kwa utepe.

Mimi sikuwa na utepe.