Karatasi ya darasa la sita niliyoibandika mlangoni

Mwenye ukurasa, nakuomba ufiche jina langu na jina la shule, maana Kindu watu tunajuana. Mimi ni mama wa miaka sabini na tano, mjane, ninakaa upande wa gare, stesheni ya treni. Ninaandika mwenyewe. Nilipiga mashini ya kuandikia miaka ishirini, simu hainishindi. Mnivumilie kwa urefu, neno hili sijawahi kumwambia mtu, hata marehemu mume wangu hakulijua.

Wakati wa Zaire nilikuwa sekretere wa shule ya msingi hapa mjini, iliyoanzishwa na masista. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, na kiburi nilikuwa nacho, sikatai. Ni wakati ule tulipoambiwa majina ya ubatizo yaachwe, kila Mzaire achukue majina ya mababu. Basi wanafunzi wote ilibidi waandikwe upya, na wazazi wakajaa ofisini kwangu toka asubuhi.

Siku moja akaja mke wa mfanyakazi wa reli. Nitamwita Mama Sifa, kwa jina la binti yake wa darasa la sita, ambalo nalo nimelibadilisha. Alingoja wengine watoke, akanisogelea. "Mama sekretere, katika rejista ya zamani masista waliandika ukweli. Sifa nilimuzaa mbele ya kuolewa. Bwana yangu anajua, lakini mutoto hajui, yeye anajua huyu njo baba yake. Sasa munabadilisha majina yote, andika jina la bwana yangu, tuishie hapo."

Nikamwambia, "Mama, usihangaike. Hiyo maneno inabaki kwangu." Nikaandika fishi mpya, karatasi ya mwanafunzi, mbele ya macho yake. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

Mwezi ule ule shule ikapata mashini ya roneo, ile ya kutoa nakala nyingi kwa stensili moja. Shule nyingine hazikuwa nayo, na mimi peke yangu ndiye niliyeijua. Direkta, mkuu wa shule, akaniita kwa neno tuliloitwa wanawake wote wakati ule, yaani raia: "Sitwayene, nakili rejista ya zamani jinsi iko, na majina mapya pembeni. Inspekta anataka kuona yote. Usiruke kitu." Nilipofika mstari wa Sifa niliona yale maneno ya masista, *père inconnu*, yaani baba hajulikani. Vidole vilisita. Halafu nikajisemea karatasi inakwenda kwa inspekta tu, nikapiga.

Nakala zilipotoka safi, direkta akafurahi. Akasema moja ibandikwe kwenye mlango wa ofisi, wazazi wahakikishe majina. Hapo njo ningesema. Ningeomba dakika tano tu nifunike mstari mmoja. Nilimwogopa, na nilitaka watu waone kazi yangu. Niliibandika kwa mikono yangu mwenyewe.

Watoto wa darasa la sita wanajua kusoma. Kufika mapumziko, Sifa alikuwa ameshaitwa "Inconnu" na uwanja mzima. Alikimbia kwao akaacha hata begi.

Kesho yake wazazi wote wawili walikuja naye. Baba mtu aliuliza kwa upole. "Nataka kujua nani alileta maneno haya hapa shuleni." Direkta akanigeukia mimi. Nikaiona kazi yangu inakwenda, na aibu yangu mbele ya walimu wote. Nikasema, "Mama mwenyewe alikuja ofisini kunieleza. Watu walimuona."

Mungu anisamehe. Mama Sifa aliniangalia, akafungua mdomo, akaufunga. Angesema nini? Ni kweli alikuja, na ni kweli watu walimuona. Sifa alimtazama mama yake kwa namna ambayo sijaisahau mpaka leo.

Hakurudi shuleni. Mtihani wa kumaliza shule ulipita bila yeye, akapelekwa Kailo kwa shangazi, akaolewa kule. Baba alimtembelea mpaka alipofariki. Mama yake kila alipokwenda, Sifa alitokea mlango wa nyuma asimwone. Mama yule alipokufa, Sifa alikuja msibani, akakaa na wageni. Mimi nilikuwa jikoni napika chakula cha watu, nikaona, nikaendelea kukoroga.

Sasa Sifa ni bibi, amerudi Kindu, tunapakana nyumba. Ananiita mama. Wiki iliyopita direkta mpya wa shule ile, kijana mzuri tu, aliniletea rejista za zamani nimsaidie kusoma mwandiko. Jumamosi anazipiga picha zote aziweke kwenye kompyuta, na kurasa azitume kwenye grupu la WhatsApp la wanafunzi wa zamani. Watoto wa Sifa wamo kwenye grupu hilo, na yule marehemu baba wa reli wanamjua kuwa babu yao wa damu. Nilimwuliza kama kurasa nyingine hazifai kufichwa. Akacheka. "Mama, hii ni mambo ya zamani, nani atajali?"

Ukurasa ule nitamwomba aufunike, hata kama nitalazimika kumweleza kwa nini. Hilo nimeshaamua. Kinachoninyima usingizi ni Sifa mwenyewe. Juzi alikuwa barazani kwangu anachambua sombe, majani ya muhogo, akaniambia, "Mama aliyenizaa aliniuza mbele ya shule nzima. Wewe njo mama yangu sasa."

Nikisema, atajua kwamba alimnyima mama yake salamu miaka yote ile bure, na mama hayuko tena wa kuombwa msamaha. Nikinyamaza, nitaendelea kula sombe ya mtoto niliyemnyang'anya mama yake. Wanangu mnaosoma, wenye mama zenu na msio nao tena, ingekuwa ninyi njo Sifa, mngetaka kuambiwa? Nishaurini, kesho jioni Sifa atakuja tena.