Mafunjo Niliyoyachoma

Mwanangu, nakumbuka siku moja ya kiangazi ambayo ningeweza ningeifuta. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, tumekimbia vita kwetu Fizi na kupewa kiwanja hapa kambini Nakivale. Wakimbizi na wenyeji walikuwa wamekubaliana kuwa mafunjo ya upande wetu wa ziwa yasikatwe wala kuchomwa, kwa sababu samaki huzalia humo. Kamati ikaundwa. Aliyeiongoza ni Mzee Athmani, mvuvi Mbajuni aliyekimbia vita kwenye visiwa vya karibu na Kismayu.

Mimi nilitaka shamba la viazi penye unyevu. Nikasema, nitachoma kipande tu, upana wa mkeka. Lakini moto hauna adabu. Upepo uliugeuza, na ilipofika adhuhuri kona nzima ilikuwa majivu. Nikarudi nyumbani, nikanawa uso, nikatwanga sombe ya majani ya muhogo kama wanawake wengine.

Kesho yake, mkutanoni, watu waliwanyooshea kidole wachungaji wa ng'ombe, wenyeji wa Isingiro. Mkubwa wao, aliyewahi kuwa askari kwenye kambi ya jeshi ya Makenke, alisimama.

"Sisi hapana choma. Ng'ombe yetu nakunywa hapa. Mimi nachoma mlango yangu kwa nini?"

Hakuna aliyemsikiliza. Nami nilipoulizwa, nilijibu, "Mimi sikuona mutu." Wachungaji wakajitoa kwenye kamati palepale.

Jioni Mzee Athmani akanijia.

"Binti yangu, nilikuona ukitoka kule. Kwetu kulikuwa na nguva, mnyama wa baharini, mkubwa kama ng'ombe, mpole, anayekula nyasi za chini ya maji. Tuliburuta nyavu tukayang'oa malisho yake, na kila kijiji kikasema ni kijiji kingine. Nilijua wavu wangu umefanya nini. Nikanyamaza. Nyasi huota tena, lakini watu wakishaacha kuaminiana, nani atazilinda? Kesho twende ukaseme."

"Batanifukuza, Mzee."

"Huenda. Nitasimama nawe."

Sikwenda. Mficha uchi hazai, nami nilificha.

Basi kila mtu akajikatia kipande chake; kama wachungaji wamechoma, yeye angojee nini? Mzee alienda peke yake kupigilia vigingi vya mpaka, watu wakaving'oa wakapikia. Masika yaliyofuata tulimzika. Ni hapo tu nilipopata ujasiri, ujasiri wa bure, nikamfuata yule mkubwa wa wachungaji huko Biharwe alikohamia, nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa mimi nafanya nini na hii maneno?" akaniuliza.

Nikashika njia ya kurudi ziwani. Pale palipokuwa na mafunjo pamebaki tope lililopasuka, na wavuvi wanarudi na visamaki vya urefu wa kidole.

Mwanangu, sitakudanganya kwamba yatarudi. Maji yakimwagika hayazoleki. Ninachokuomba ni hiki: ukiharibu kitu cha watu wote, sema siku hiyohiyo, wakati watu bado wanakaa pamoja na wanaweza kukusikia. Usimwache asiye na kosa asimame peke yake. Aibu ya siku moja hubebeka; hii yangu nimezeeka nayo.

Mungu akupe ulimi mwepesi wa kukiri kuliko wangu, na akujalie majirani ambao bado wanaaminiana.