Nilivyokwenda Korogwe kwa Mchina Mtunga Hadithi

Ndugu zangu wa Chanika, mmeniuliza kwa nini niliacha palizi nikakimbilia Korogwe. Aliyenitia wazimu ni tanboi wa lori la mahindi. Alisema kwenye shamba moja la mkonge yuko fundi Mchina ambaye hadithi zake huchapwa kila mwezi katika gazeti la Wachina, ng'ambo huko. Mtunga hadithi mzima, wa kushikwa mkono! Mimi mwenye darasa la nne na daftari moja la hadithi ya maisha ya Bibi yangu, ningetuliaje? Nilitaka anifundishe.

Jumatatu alfajiri nilipanda juu ya magunia. Tulikwama mchangani mara mbili, tukasukuma, nikaimba. Jioni tukavuka Mto Pangani, nikalala kwa shangazi, mtaa wa Manundu.

Asubuhi nilifuata reli nyembamba ya vitoroli vya mkonge hadi korona, mashine ya kukamua majani, inayonuka uchachu mpaka macho yanatoka machozi. Wakanionyesha nyumba ya Bwana Lin. Nilitegemea suti. Nikamkuta kifua wazi, grisi kwenye kucha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umeleta spana?"

"Nimeleta daftari. Nimeandika maisha ya Bibi yangu."

Akacheka sana. Mkewe, Mama Hadija, Mzigua wa kwetu Handeni, alikuwa anamenya muhogo. "Karibu, mwanangu. Miaka ishirini naishi naye, sijui hata neno moja la makaratasi yake. Kazi yangu kuyapeleka posta." Ya mwezi huo yalikuwa mezani, na bahasha yenye stempu ya Mfalme ikingoja.

"Hadija naye yuko shule?" niliropoka.

"Hadija alifariki kwa homa. Alikuwa na miaka mitatu."

Nilitamani ardhi inimeze. Ili kufuta aibu, nikamwomba mzee atusomee kidogo. Alikataa.

"Soma, bwana," mkewe akasema. "Mgeni katoka mbali."

Kidole cha mzee kikashuka toka juu ya karatasi kwenda chini, naye akageuza maneno kwa Kiswahili: "Hadija alisuka nywele, akasema, baba, mchumba wangu anakuja Ijumaa…"

Kisu kikasimama kwenye muhogo.

"Hadija gani huyo?"

"Wetu."

"Wetu alikufa."

"Humu hakufa," Bwana Lin akasema bila kuinua macho. "Kila mwaka namwongeza mwaka. Sasa ana kumi na tisa."

Mama Hadija akainuka, maganda yakamwagika. "Yaani miaka yote hii nambeba mwanangu mpaka posta, nami sijui?"

"Niliogopa utalia."

"Na nani anamwoa?"

"Karani wa reli."

"Karani! Kaniuliza nani mimi?" Akazikusanya karatasi zote, akazifunga kwenye pindo la kanga. "Haziendi."

Mzee akapauka. "Mama Hadija, gazeti linangoja. Nikikosa mwezi huu, nafasi yangu wanampa mwingine. Hadija ataishia hapo hapo."

Nikanyanyuka kuaga. Nilijiona nimevunja nyumba ya watu.

"Kaa!" mama akanifokea. "Wewe ndiye uliyelianzisha." Akamgeukia mumewe. "Andika upya. Na mimi niwemo."

Bwana Lin akachukua kalamu. "Umevaa nini?"

"Kanga nyekundu. Na usinifanye mnene."

Akaendelea kusema, akilia, akicheka, huku mzee akiandika. Karani akafukuzwa. Mchumba mpya akawa kijana wa Kizigua. Mama akanitazama: "Kama huyu, ila awe amemaliza palizi."

King'ora cha zamu kilipolia, karatasi ya mwisho ilikuwa haijakauka wino. Mama akaniuliza kama nitamsindikiza. Tukatembea hadi posta ya Korogwe. Alishika bahasha kwa mikono miwili, kama mtu anayebeba mtoto aliyelala, na dirishani karani wa posta alilazimika kuivuta.

Na daftari langu? Bwana Lin hakulifungua. Wakati wa kuagana aliniuliza tu: "Bibi yako ameisikia?"

"Bado, mzee."

"Basi kwangu umefuata nini? Mimi nimechelewa miaka kumi na sita."

Alhamisi mchana niliteremka kwenye lori, nikaenda moja kwa moja shambani. Bibi alikuwa anapura maharage. Nikaketi kwenye maganda, nikaanza kumsomea, sauti inanikwama kuliko lori. Ukurasa wa tatu akaweka fimbo chini.

"Hapo umedanganya. Siku ile sikulia. Futa."

Nikafuta. Tuko ukurasa huo huo mpaka leo, ndugu zangu, na ndiyo maana palizi haijaisha.