Kichuguu Yetu Ilienda Kuwa Biro

Nilikuwa na mama yangu ku mabega, maji imefika ku kifua, nikatembea moja kwa moja mupaka ndani ya shimo. Haikuwa usiku. Ilikuwa asubuhi, jua imetoka, bantu bananiangalia. Mutu muzima mwenye mvi anapeleka mama yake mahali pa kupona, kumbe miguu yake inamupeleka chini ya maji. Mama alinishika masikio yote mbili, akasema, "Weye, unanipeleka wapi?" Kiisha tukazama sisi babili.

Njo vile. Sasa muache nirudie nyuma, juu bila ya nyuma mutaniona mupumbafu tu. Mupumbafu niko, lakini hapa sikuwa peke yangu.

Benzangu tuliokomalia hapa Kabuta, batoto ya bazazi benye kuvuka ziwa na samaki na vitenge mupaka bakachoka kurudia ng'ambo, munakumbuka ile kichuguu ya nyuma ya nyumba ya mama Agnes? Mama Agnes njo mama yangu. Babemba baliitaka iculu, sisi kichuguu, lakini ile ilikuwa mulima. Nyumba tatu zingekaa juu yake na nafasi ya kucheza ikabakia. Tuliteleza kutoka juu na kipande ya bidoni ya plastiki mupaka kaptula inatoboka, halafu nyumbani fimbo inamalizia kazi. Mvula ya kwanza ikinyesha, kumbikumbi balitoka ndani yake kama moshi. Tunaweka beseni ya maji karibu na taa, asubuhi mama anakaanga na chumvi, mafuta yao yenyewe inatosha. Pembeni uyoga ilimea, mipana kama sahani. Batoto ba leo ukibaonyesha kumbikumbi banasema, "Baba, hii ni bidudu." Halafu banakula ile vitu ya rangi ya ndani ya plastiki, yenye hata kuku anakataa.

Lakini kazi kubwa ya kichuguu ilikuwa kutuponyesha na maji. Mbele ya mvula kushika, kila mama wa huku alipandisha pale chungu yake: unga ya muhogo, chumvi, samaki kidogo ya chisense kavu, kiberiti ndani ya plastiki, bati ya zamani ya kufunika. Hakuna mutu alikuja kubafundisha. Komite haikukuwa. Tulikuwa na mama mwenye mufuniko ya sufuria. Ziwa ikipita vitanda vya kukaushia samaki, anapiga mufuniko na mwiko, na kila mutoto anajua muzigo wake. Dada mukeka. Kaka mutoto mudogo. Miye, kuku. Juu batoto bote ya ziwa balijua kuogelea, isipokuwa miye. Miye naogelea kama nyundo. Mama aliona heri nishike kitu yenye mabawa. "Nikiita jina yako mara moja, uko juu," alisema. "Ya pili sitaita." Nikapanda mbio, kuku inaninyea mu shingo, nalia kuliko kuku yenyewe. Pale juu bamama banapika bukari, ugali ya muhogo, bazee banachekana, maji inazunguka chini yetu mupaka ichoke. Kiisha tunashuka sisi bote. Kuku pia.

Basi akakuja Ba Kalumba. Jina nalitaja, sifichi: Ba Kalumba, prezida wa komite ya mafuriko ya kwetu. Pamoja naye fundi Mwila, mupiga matofali. Munajua udongo ya kichuguu: haipasuki mu moto, tofali yake inalia kama chuma. Balitaka kujenga biro, ofisi ya komite. Fundi akaleta mapiki ya kufukulia. Mama yangu akatoka na fimbo yake.

"Ba Kalumba, ukifukula hii, siye tutapanda wapi?"

"Mama, tunajenga biro. Mu biro njo tutaweka majaketi ya kuelea ya kila nyumba."

"Na majaketi iko wapi?"

"Iko mu njia, mama."

"Maji nayo iko mu njia. Tutaona nani anatembea mbio."

Bantu balicheka. Ba Kalumba pia alicheka, mutu wa mukutano hakosi meno. Bakafukula kichuguu mupaka ikabakia shimo, fundi Mwila akaapa atalifukia mbele ya mvula. Siku ya kufungua biro nilivaa tai ya marehemu baba, nikala wali, nikapewa soda baridi, nikajiona mutu wa maendeleo. Mama alibakia nyumbani, akasema wali ya kichuguu haimupiti mu koo.

Mvula ya mwaka huu, vijana baliangalia ku simu. Simu ilisema mawingu kidogo. Asubuhi ziwa ilikuwa imeingia mu jikoni, sufuria zinaelea kama bata. Nikabeba mama. Akili yangu ilijua kichuguu haiko. Miguu haikuambiwa. Tangu utoto inajua njia moja ya kukimbia maji, na njia ile njo ilifuata, mupaka mahali mulima yetu ilikuwa. Fundi Mwila hakufukia kitu. Maji ilikuwa imefunika shimo, laini kama meza.

Jirani na mutumbwi alituvuta kwa nguo. Kijana mwingine alikuwa anatuvuta picha na simu: ile video yangu ya kuingia na mama mu shimo ilifika mupaka ku kambi ya Kenani, na muziki bameongeza. Bananiita Nahodha. Sawa, nacheka nabo, nimestahili. Lakini mama alivunjika nyonga. Leo anabebwa kwenda choo, yeye mwenye kutupandisha sisi bote juu na mufuniko ya sufuria.

Maji iliposhuka nikaingia mu ile biro. Majaketi hata moja haikukuwa. Kulikuwa filimbi ku musumari, na picha kubwa ku ukuta: mutu na bibi yake na batoto banapanda mulima. Chini imeandikwa tupande mahali pa juu. Picha yenyewe ililoa mupaka ku magoti ya yule mutu.

Zamani hatukuwa na prezida, na hakuna mama alizama. Leo tuko na prezida, muhuri na mulango ya kufuli, na mama yangu mbele ya kulala anauliza kama mawingu imekaa upande gani.

Ba Kalumba, weye na fundi wako, mvula iko karibu kurudia. Sitaki pole, sitaki kikao. Siku ya Mungu, kiisha ibada, usimame mbele ya mama Agnes na bantu bote ya Kabuta, useme ziwa ikipanda nimupeleke wapi. Na usiseme na mudomo tu. Nyosha kidole, tuone mahali.