Mafuta ya Shavu la Kushoto

Enzi za Mwingereza nilikuwa kinyozi mjini Dodoma, mtaa wa Majengo, na riziki yangu ilitoka zaidi kwenye ndevu kuliko kwenye nywele. Nywele mtu alikaa nazo hata miezi miwili. Ndevu ndizo zilizoniletea makarani wa boma, watu wa reli na walimu, kwa kuwa wakubwa wao walipenda kuwaona na kidevu kitupu. Nilikuwa na kiti kimoja cha mbao, kioo chenye ufa pembeni, nyembe mbili za kukunja, mkanda wa kunolea na kipande cha shabu cha kuzuia damu mtu akikatwa. Nilifanyia kazi barazani kwa Mhindi mmoja mwenye duka, kwa makubaliano kwamba yeye na wanawe niwanyoe bure.

Ukishika nyuso za watu kutwa nzima, vidole vinaanza kujua mambo ambayo wewe mwenyewe hujayafikiria. Nilimjua mtu wa garimoshi hata nikifumba macho, maana ngozi yake ilikuwa ngumu mashavuni, upande uliotazama moto. Nilijua nani halali vizuri. Lakini jambo moja sikuwa nimelifikiria kabisa, nalo ni kile nilichokuwa nawapaka nikishamaliza kunyoa.

Nilipaka mafuta ya nazi. Yalikuja kutoka pwani kwa treni, ndani ya debe, na mwenye duka alinipimia kwenye chupa. Mwezi wa saba, asubuhi za baridi, yaliganda yakawa meupe kama mshumaa, nikawa naingiza chupa ndani ya shati, kwapani, hadi yayeyuke. Nilipaka nazi kwa sababu kinyozi aliyenifundisha kazi alipaka nazi. Sikuwa na sababu nyingine.

Aliyenizindua ni mwalimu mmoja wa shule ya misheni. Alikuwa rika langu, mrefu, mwenye shingo nyembamba, na chini ya taya alijaa vipele vya ndevu, vingine vina usaha. Siku moja nilikuwa nimemaliza kumnyoa, nikafungua chupa. Akanishika mkono.

"Fundi, hayo ni mafuta gani?"

"Ya nazi, mwalimu."

"Kwa nini ya nazi?"

"Ndiyo yaliyopo."

"Hilo si jibu," akasema, lakini bila ukali. Alijitazama kiooni, akageuza shingo huku na huku. "Naoa mwezi wa kumi. Sitaki bibi harusi anione na shingo ya kuku aliyenyonyolewa. Shuleni nina vijaruba viwili vya mtama. Kimoja tumetia samadi, kingine hatukutia, ili wanafunzi waone tofauti kwa macho yao. Sasa mimi nina mashavu mawili. Kwa nini tusifanye hivyo hivyo?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akatoa daftari mfukoni na penseli, akachora kichwa cha mtu, akakigawa katikati kwa mstari. Shavu la kushoto niendelee kulipaka nazi, la kulia nisilipake kitu. Tukakubaliana wiki mbili.

Alikuwa anakuja kila asubuhi kabla ya shule, nami nikajikuta namngojea. Kila nilipokuwa namnyoa nilipitisha kidole gumba upande huu, kisha upande ule, na yeye anauliza, "Unaonaje?" kabla hata sijafuta povu. Wiki mbili zilipokwisha tulijua mambo mawili. Shavu la nazi lilikuwa laini lakini vipele vimeongezeka. Shavu kavu lilikuwa na vipele vichache, ila upepo wa kiangazi ulikuwa umelikwangua, likawa na magamba, na pembe ya mdomo imepasuka hadi kutoa damu. Kwa hiyo nazi ilikuwa nzito mno kwa ngozi yake, na kukaa bila mafuta Dodoma hakuwezekani.

"Tutafute mengine," mwalimu akasema, kama mtu aliyepewa habari njema.

Nilimweleza mwenye duka shida yetu. Aliingia nyuma, akazungumza na mkewe kwa lugha yao, akarudi na kichupa cha mafuta ya ufuta. "Mama watoto anasema haya yamekamuliwa mabichi," akaniambia. "Yale ya ufuta uliokaangwa ni ya chakula, yananuka sana. Haya ndiyo anayowapaka watoto usoni. Na anasema kidogo, kidogo sana."

Mafuta ya pili niliyapata kwa mama mmoja wa Kigogo aliyekuja mjini kila Jumamosi na vibuyu vya mafuta ya nyonyo. Watu walinunua kwa ajili ya nywele, ngozi za ng'ombe na kamba. Nikamwambia nataka kibuyu kidogo, naye akaniuzia bila kuuliza ni cha nini. Basi mwalimu akapakwa nyonyo kushoto na ufuta kulia.

Nyonyo yalikuwa mazito kama asali. Nilipoyapaka, shavu liling'aa vizuri mno, nikadhani tumefika. Lakini mwalimu alipanda baiskeli kwenda shule, na barabara ya shule, kwa anayeijua Dodoma ya wakati ule, ilikuwa vumbi tupu. Alifika darasani na shavu la kushoto jekundu kama ukuta wa tofali na la kulia la kawaida. Kesho yake alinisimulia jinsi darasa zima lilivyokaa kimya kwa adabu mpaka mtoto mmoja wa mbele akashindwa kujizuia. Hata hivyo alikataa kuacha. Alitaka wiki itimie.

Jumamosi ile mama wa nyonyo alipita barazani akamkuta mwalimu kitini.

"Mbukwa," akatusalimu, nasi tukaitikia. Kisha akainama kumtazama mwalimu usoni, akasonya.

"Nani amempaka huyu nyonyo kwenye uso?"

"Mimi, mama," nikasema. "Ni yale yako."

"Mimi nilikuuzia mafuta. Sikukuambia uyapake wapi."

Ndipo nilipomtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimemwona Jumamosi nyingi, lakini vidole vyangu havikuwahi kugusa uso wake, na macho yangu yalikuwa hayajazoea kufanya kazi peke yake. Alikuwa mtu mzima, mama wa watoto wakubwa, anayetembea juani na kwenye upepo tangu alfajiri. Lakini uso wake haukuwa na magamba wala mng'ao wa grisi. Ulikuwa umetulia tu, kama uso wa mtu aliyetoka kuoga.

"Mama, na wewe mwenyewe unapaka nini usoni?"

Akanitazama kama anayepima kama naulizia kununua au naulizia kujua. "Mbegu za matikiti," akasema.

Mwalimu aliketi wima na povu lake. "Matikiti? Mbegu zake zina mafuta?"

"Wewe si mwalimu?" mama akamuuliza. "Unatafuna mbegu za matikiti, mdomo unakuwaje?"

Mwalimu akafikiri. "Unateleza," akakiri, na akaandika kwenye daftari.

Nilimwomba mama anionyeshe jinsi yanavyotengenezwa. Alisema hana nafasi ya kuyabeba mambo ya jikoni kwake kuyaleta sokoni, kama nataka kuona niende. Jumapili nikaenda. Kutoka mjini ilikuwa mwendo wa kama saa mbili kwa miguu, mpaka kwenye tembe lake lenye paa la udongo. Juu ya paa yalipangwa maboga na mamung'unya ya mavuno, na kona moja mbegu za matikiti zilianikwa kwenye ungo.

Alinipa kazi ya kwanza, kuchambua. Mbegu zilizovunjika na zenye ukungu nizitupe, maana hizo, alisema, zinayafanya mafuta yachachuke kabla mwezi haujaisha. Zilizobaki alizipasha kwenye kigae juu ya moto mdogo, akizigeuza kwa mkono mtupu.

"Kwa nini kwa mkono?"

"Mkono ukiungua, na mbegu zimeungua."

Akazitwanga kwenye kinu mpaka zikawa uji mzito wa rangi ya kijivu. Akamimina maji ya moto kidogo kidogo, akawa anakanda kama anayekanda unga, muda mrefu, mpaka mkono wangu uliomsaidia ukachoka. Kisha nikaona vitone vya njano vikijitokeza juu. Nilishangaa kama mtoto. Tangu utotoni kule kwetu Busi nilikuwa nimetafuna mbegu za matikiti na kutema maganda, na mafuta haya yalikuwa ndani muda wote ule. Aliyaengua kwa kijiko cha kibuyu, akayachemsha kwenye sufuria ndogo. Yalipiga kelele, pwata pwata, na yaliponyamaza akasema maji yameisha, akaepua. Kikapu kizima cha mbegu kilitoa mafuta ya kujaa kikombe tu.

"Leta mkono," akasema.

Alidondosha tone moja mgongoni mwa kiganja changu cha kushoto, na tone la nyonyo kwenye cha kulia. Akaniambia nisisugue, nikae nayo tu. Tukakaa tukizungumza habari za mvua. Baadaye nikatazama. La matikiti lilikuwa limezama, pamebaki ulaini. La nyonyo lilikuwa bado linanitazama vile vile.

"Hilo linalobaki juu ni la nywele na la ngozi ya ng'ombe," akasema. "Linaloingia ndilo la uso. Lakini si kila uso. Mume wangu ni mzee, ngozi yake imekauka. Yeye nampaka ufuta, haya hayamtoshi. Na mwambie mwalimu asipake uso mkavu. Anawe, aache maji maji kidogo, ndipo apake."

"Nani alikufundisha?"

"Mama yangu alipaka samli. Ilininukia vibaya, nikatafuta kingine." Alisema hivyo kwa wepesi, kana kwamba kila mtu hufanya hivyo.

Jumatatu tukaanza upya, matikiti kushoto na ufuta kulia, uso ukiwa na majimaji. Siku ya nne niliona wekundu wa vipele vya kushoto umepungua. Siku ya sita mwalimu hakuja. Siku ya saba nikapata habari kwamba ameshikwa na malaria, amelazwa. Nilikwenda kumwona. Alikuwa anatetemeka chini ya mablanketi mawili, na neno la kwanza aliloniambia ni, "Fundi, leo hawakunipaka."

Alikaa zaidi ya wiki mbili bila kunyolewa. Siku alipokuja tena kitini ndevu zilikuwa zimemfunika mpaka shingoni. Nilizipunguza kwa mkasi, nikanyoa taratibu. Vipele vilikuwa vimekwisha. Kushoto vimekwisha, na kulia vimekwisha. Nilimpa kioo nikitarajia furaha, naye akajitazama muda mrefu, akakirudisha.

"Jaribio limeharibika," akasema kwa huzuni ya kweli. "Sasa tutajuaje? Ni mafuta, au ni kupumzika kwa wembe?"

Mwenye duka, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, alimwambia amshukuru Mungu aende akaoe. Lakini swali lile lilinichoma mimi kuliko yeye, kwa kuwa wembe ulikuwa wangu. Miaka yote nilikuwa najisifu kwamba nanyoa ndevu kinyume cha zinavyoota, mara mbili, mpaka kidole kisisikie kitu. Nilikaa nikaufikiria uso wa kila mteja mwenye vipele, na wote walikuwa wale wa kila siku. Tangu hapo nikawa nanyoa kwa kufuata zinavyoota, mara moja, na mwalimu nikamwambia aje mara mbili kwa wiki. Alimwomba ruhusa mkuu wake wa shule, akapewa.

Alioa akiwa na shingo safi. Baada ya harusi alirudi tukarudia jaribio, mwezi mzima, bila malaria. Alipofunga daftari alitangaza kwamba kushoto ni bora kidogo, lakini hawezi kuapa, maana amegundua kuwa analalia ubavu wa kulia na huenda mto ndio unaomsugua. Mwaka uliofuata alihamishiwa Mpwapwa. Nilimpa chupa ya mafuta ya matikiti aende nayo.

Wateja wangu niliwagawa kwa jinsi vidole vilivyoniambia. Vijana wenye vipele niliwapaka matikiti. Wa reli wenye mashavu makavu, na wazee, niliwapaka ufuta. Nazi nilibakiza kwa nywele. Kila mteja mpya nilimtia tone mgongoni mwa kiganja kwanza, nikamwacha nalo wakati nanoa wembe, kisha tukatazama pamoja. Wengine waliona ni mzaha. Wengi waliinama kutazama.

Kisha ukaja mwaka mvua zikakataa. Matikiti hayakuzaa, na mbegu kidogo zilizopatikana watu walizila. Nilijua mafuta yangu yamekwisha. Lakini Jumamosi moja mama yule alitokea na kichupa cha mafuta ya rangi ya dhahabu, mepesi, yenye harufu kama ya karanga mbichi.

"Haya ya nini?"

"Mbegu za ubuyu. Ni kazi ngumu, zina ganda kama jiwe. Lakini kwa uso ni mazuri, pengine kuliko yale."

"Kuliko yale! Mama, mbona miaka yote hii hukuniambia?"

"Uliniuliza napaka nini. Hukuniuliza kuna nini kingine."

Nilikuwa na karani kitini, povu limemjaa usoni. Niliweka wembe chini, nikamvutia mama kigoda, nikamwomba aketi. Nikamuuliza kuhusu mbegu za maboga. Nikamuuliza kuhusu alizeti, ambazo watu walikuwa wameanza kuzipanda. Nikamuuliza kama kuna mti wowote wa porini ambao amewahi kukamua mbegu zake akayatupa mafuta, na kwa nini aliyatupa. Alianza kuhesabu kwa vidole.

"Fundi," karani akasema, "povu linakauka."

"Vumilia, bwana," nikamwambia. "Mama, endelea."